Bustani za dawa: tunabishania waganga, huku miti inachunwa

Kila serikali inapotajwa kusaidia kilimo cha miti dawa, mjadala hugeuka kuwa wa uganga. Wanaopinga wanauliza kwa nini fedha ya umma iende kwenye mizizi na magome wakati zahanati inakosa dawa za shinikizo la damu. Ni swali la haki. Lakini ndani yake mna dhana kwamba serikali ikikaa pembeni, watu wataacha kutumia.

Shirika la Afya Duniani limetaja kwa miaka mingi kuwa hadi asilimia 80 ya Waafrika hutumia tiba asili. Namba hiyo ni ya zamani na wengi wanaitilia shaka. Basi tuikate nusu. Kwa sensa ya 2022 Tanzania ina watu 61,741,120. Asilimia 40 yao ni karibu milioni 25. Kila mmoja wao akichemsha konzi moja tu kwa mwaka, hizo konzi milioni 25 zinatoka wapi? Mpunga tunajua unalimwa Mbarali na Kilombero, vitunguu Mang'ola. Magome yanayopangwa chini kwenye turubai Kariakoo mengi yametoka msituni, kwenye miti ambayo hakuna aliyeipanda.

Na mti unaochunwa vibaya hufa polepole. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Mchunaji anayetaka kurudi mwakani hubandua kipande upande mmoja. Anayetaka kujaza gunia huchuna kuzunguka shina lote. Majani hubaki kijani kwa muda, mpita njia haoni kasoro, kumbe mizizi inakufa njaa. Baadaye mti mzima unakauka. Ndivyo unavyoumizwa osokonoi, mti wa dawa wa Wamaasai, ambao Wakikuyu huuita muthiga. Mti wa Prunus africana, ambao gome lake husafirishwa Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume, biashara yake ya kimataifa imewekwa tangu 1995 chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Na mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kilivuta foleni ya magari ya kilomita nyingi. Tulibishana kama watu wanapona. Dawa ilikuwa mizizi ya mugariga, na sikumbuki wengi waliouliza kama mugariga utatosha.

Upande wa pili una hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya artemisia, mmea unaotoa artemisinini, kiungo cha dawa mseto ya malaria. Dawa mseto ya malaria ilipoanza kutakiwa duniani, bei ya artemisinini ilipanda hadi kupita dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005. Wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki wakapanda kwa wingi, na kufikia 2007 bei ilikuwa imeporomoka chini ya dola 200. Anayeonya kwamba mkulima asihamasishwe tena bila soko la uhakika yuko sahihi. Yuko sahihi pia anayesema kuupanda mti si kuthibitisha kwamba unatibu.

Ila artemisia ilitegemea viwanda vichache na bei ya dunia. Osokonoi tayari una wateja mtaani. Anachokosa mkulima ni muda: mti wa magome huchukua miaka mingi kufikia kuvunwa, na ada ya shule haisubiri. Hapo ndipo msaada wa serikali unapohitajika, na hauhitaji mashamba makubwa. Vitalu vya misitu vitoe miche ya miti hii pamoja na misaji na mikaratusi, ipandwe mipakani mwa mashamba ya kahawa na migomba. Hata watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili watapata sampuli ambayo mti wake, umri wake na udongo wake vinajulikana.

La mwisho ni vibali. Mazao ya misitu hayasafirishwi bila kibali, na ni vema. Lakini aliyepanda kwake anahitaji njia nyepesi ya kuthibitisha kuwa gome limetoka shambani mwake, cheti cha kijiji kwa mfano. Bila hivyo, yeye na aliyechuna msituni usiku wanafika sokoni na gunia la aina moja, kwa bei moja, na wa pili hakusubiri hata mwaka.