Kocha, anza na mikono

Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Jumamosi moja huku Nsambya, Kampala, niliazima futi kwa mama mmoja anayeshona sare za shule karibu na uwanja wetu wa mpira wa kikapu, nikamsimamisha kijana wa miaka 15 ukutani, mikono kaitandaza kama anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Nikaanzia ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, nikavuta. Futi ikaisha kabla sijafika kiwiko cha kushoto. Ikabidi nitie alama ya mkaa ukutani na kuanza upya. Jumla 208. Kimo chake, bila viatu, 191.

"Kocha, unamshonea kanzu?" wenzake wakauliza, na uwanja mzima ukacheka.

Wacheke tu. Namba hizo mbili zimeniambia zaidi ya mwezi mzima wa kumtazama akikimbia. Binadamu wengi, ukiwapima mikono iliyonyooshwa, hupata namba inayokaribiana na kimo chao. Huyu amezidisha sentimita 17. Akijifunza kukaa kwenye ulinzi, atazuia pasi ambazo mpigaji anaamini zimeshapita.

Kila mwaka, mwezi wa Mei, NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huwakusanya Chicago vijana wanaotazamia kuchaguliwa kwenye drafti, siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, wakapimwa. Wanavua viatu. Wanapimwa kimo, uzito, mikono kutoka ncha hadi ncha, mkono mmoja unafika wapi mtu akisimama wima, hata kiganja. Kisha wanaruka, wanakimbia robo tatu ya uwanja, wanazunguka eneo la chini ya kikapu mbele, kando na kinyumenyume huku saa inahesabu. Nina rafiki anayesema ni mnada wa ng'ombe. Simbishii sana, maana picha zake hazipendezi: kijana kifua wazi, mzee kashika karatasi. Lakini ninachokiona mimi ni kitu cha kwetu kabisa. Kabla futi haijaingia nyumba zetu watu walipima kwa pima, yaani mikono miwili iliyotandazwa, na kwa shubiri, kutoka ncha ya dole gumba hadi ya kidole kidogo. Kamba ilinunuliwa kwa pima, kitambaa kwa mkono. Bibi yangu alipotaka kitambaa hakumtuma mtoto mwenye heshima. Alimtuma mwenye mikono mirefu, ili muuza duka apate hasara kidogo.

Bibi angeielewa Chicago bila mkalimani.

Ukianza tu kuzungumzia vipimo, hakosi mtu wa kukuletea Kevin Durant, nyota wa NBA. Mwaka 2007 aliwekewa chuma cha kilo 84 akiwa amelala kwenye benchi, akashindwa kukinyanyua hata mara moja. Akachaguliwa wa pili, nyuma ya Greg Oden, na mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa ligi. Oden, mwili wa kutisha, magoti yakamwangusha. Basi, wanasema, vipimo ni upuuzi.

Hapana. Safari hiyo hiyo Durant alipimwa mikono: sentimita 225, kwa kijana mwenye kimo cha 206 hivi. Futi ilimwona. Kilichokosea ni chuma, au tuseme waliodhani chuma kina la kusema juu ya mtu anayefunga kutoka juu ya mkono wa beki. Nguvu za kifua hupatikana jimu, na unga na maharage husaidia. Mikono hakuna jimu inayoirefusha. Kosa letu ni kuviweka vipimo vyote kapu moja, cha kuzaliwa nacho na cha kujengwa, kisha kimoja kikifeli tunatupa kapu zima.

Draymond Green ndiye ninayempenda zaidi katika hesabu hizi. Mwaka 2012 alirukwa na timu moja baada ya nyingine hadi nafasi ya 35 ya drafti, kwa sababu kila mtu alitazama kichwa: bila viatu alikuwa na sentimita 197 hivi, mfupi mno kwa kazi ya chini ya kikapu. Mikono yake ilikuwa karibu 217. Mwaka 2017 akatajwa mlinzi bora wa ligi nzima, akiwa amezoea kukaba watu wanaomzidi kichwa kizima. Au Kawhi Leonard, ambaye shubiri yake ilipimwa sentimita 28 na ushee. Chukua sahani kubwa ya wali hapo kwenu uweke vidole, utaelewa kwa nini mpira unamganda. Aliachwa hadi nafasi ya 15.

Lakini nisije nikaonekana muumini wa futi. Jirani yetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry, akiwa na zaidi ya mita mbili na sentimita 15. Tulishangilia Afrika Mashariki nzima, na haki yetu. Kwenye NBA hakudumu alivyotarajiwa. Futi haikumdanganya mtu, alikuwa mrefu kweli. Ila hakuna kipimo cha Chicago kinachohesabu ni miaka mingapi mtu ameushika mpira, na yeye aliushika akiwa tayari kijana wa miaka kama 15, wakati aliochaguliwa nao wengi waliulalia kitandani tangu wakiwa chekechea. Na Tacko Fall wa Senegal, mwaka 2019, alisimama tu, akanyoosha mkono, akapita ringi kwa sentimita sita hivi. Bila kuruka! Usiku wa drafti jina lake halikuitwa.

Halafu kuna huyu wetu. Ndiyo, ni wa Sudan Kusini, lakini Khaman Maluach amekulia Kawempe, hapa hapa Kampala, kwa hiyo mtuvumilie tukimwita wetu. Mwenyewe amesimulia kwamba mtu wa boda alimwona njiani akamwambia urefu huo ni wa mpira wa kikapu. Hiyo ilikuwa 2019. Mwaka 2024 alichezea City Oilers kwenye ligi ya Afrika, BAL, kisha akaenda na Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris. Chicago mwaka 2025 wakampima: kimo 215, mikono 230, na akisimama bila kuruka mkono wake ulifika karibu 295. Ringi iko 305. Akachaguliwa wa kumi, na nafasi hiyo ikaenda kwa timu ya Phoenix katika biashara ile ile iliyompeleka Durant timu ya Houston. Yule aliyeshindwa na chuma.

Kila mtu Kampala anaisimulia hadithi hiyo kama baraka. Mimi inanikera kidogo. Ina maana mpima vipaji wetu mkuu alikuwa mtu wa boda aliyekuwa akipita na shughuli zake. Na mtu wa boda huona nini? Kichwa. Kila kijana anayevuka 195 kuanzia Ntinda hadi Katwe ameshapigiwa kelele za "basketball!" mara mia. Mwenye kimo cha 180 na mikono ya mita mbili hupita kimya, kwa sababu akiwa ameshusha mikono hatofautiani na mwingine. Msichana ndiye kabisa, hapigiwi kelele hizo hata akiwa twiga.

Nasi makocha tunafanya vile vile. Shule zinatoa basari kwa wachezaji, na asubuhi ya majaribio wavulana wanapangwa kwa kimo. Nimewaona wakiweka maboksi yaliyokunjwa ndani ya raba, wamevaa soksi tatu tatu. Wanajua tunachokitafuta. Ningependa kuona kila uwanja, kuanzia Lugogo hadi ile ya saruji iliyopasuka, una ukuta wenye mstari, futi mbili za fundi zilizoungwa, na daftari. Hakuna wa kuomba bajeti hapo. Na mpime tena baada ya miezi sita, kwa sababu Anthony Davis alikuwa mchezesha timu wa kawaida sekondari kabla hajarefuka ghafla. Daftari lingemwona akianza kupaa.

Nasema haya kwa hasira kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miaka sita iliyopita nilichora mstari wa chaki ukutani, 185, nikasema walio chini yake waende nyumbani. Mmoja alikuwa pungufu kwa vidole vitatu. Akaniamkia vizuri, akaokota mfuko wake, akaondoka. Sikumtazama mikono.

Siku hizi anauza rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, kule Kabalagala. Nilimgundua kwa namna anavyofanya kazi: hahami. Kikaango hapa, trei ya mayai kule mwisho wa meza, wateja upande wa pili, na yeye anafika kote bila kuinua mguu. Wiki iliyopita nilikwenda na futi mfukoni. Nikamwomba atandaze kiganja juu ya meza, kwenye unga. Akacheka lakini akatandaza. Nikapima shubiri: sentimita 26. Nikapima tena.

"Kocha," akasema, mkono bado umelala pale kwenye unga, "nikuwekee mayai mawili au matatu?"