Saa mbili ya nani?

Mwaka jana nilimtengenezea mama mmoja wa Kibirizi, Kigoma, programu ndogo ya mizigo ya boti. Karani anaandika jina la mwenye mzigo, idadi ya magunia ya dagaa na saa ya boti kuondoka, kisha mteja anapata ujumbe kwenye simu. Siku ya tatu, usiku wa manane, mfanyabiashara mmoja wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Kongo, akatoka gesti mbio na mabegi yake hadi mwaloni, akakuta mbwa na mlinzi tu. Ujumbe ulimwambia boti ni saa nane usiku. Boti ilikuwa ya saa mbili asubuhi. Karani aliandika 2:00 kama anavyosema kila siku, programu yangu ikaisoma Kizungu.

Nusu siku nzima nilimlaumu karani. Mwenzangu wa Dar naye akaniunga mkono: "Kaka, wafundishe tu saa 24." Hapo ndipo nilipogeuka. Kujumlisha au kutoa sita ni kazi ya mstari mmoja kwa kompyuta; kwa nini abebeshwe mtu mwenye foleni ya wachuuzi mbele yake? Sasa karani anachagua kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, halafu saa. Programu inamrudishia kwa maneno: saa 2 asubuhi.

Ila hayo ni ya kwenye kioo cha kompyuta. Ndani ya hifadhidata, yaani ghala la taarifa za programu, kuna ugomvi mwingine, na huko nina msimamo mkali. Jambo lililokwisha kutokea, kama malipo kupokelewa au gunia kupimwa, liandikwe kwa saa ya dunia, UTC. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, basi. Ukimwonyesha mtu wa Kigoma unaongeza saa tatu. Wa Kalemie au Bujumbura, mbili. Ndiyo, ziwa ni hilohilo na wenzetu wako nyuma saa moja. Na kwa jua, wao ndio wenye haki: Kigoma iko karibu longitudo ya nyuzi 30 mashariki, lakini tunafuata saa ya nyuzi 45. Ndiyo maana huku jua linachomoza mnamo saa moja, na adhana ya adhuhuri inakaribia saa saba.

Miadi ni kitu kingine kabisa. Boti ya mwezi ujao haijaondoka. Kilichopo ni ahadi iliyotamkwa na watu wa mahali fulani. Ihifadhiwe ilivyotamkwa: tarehe, saa, na jina la ukanda wa saa, yaani Africa/Dar_es_Salaam, si "+3" kavu, yaani saa tatu mbele ya UTC. Wanaobisha waitazame Sudan Kusini. Tarehe 1 Februari 2021 nchi hiyo ilirudisha saa nyuma, kutoka +3 hadi +2. Aliyekuwa na kikao Juba cha mwezi Machi, saa tatu asubuhi, akakigeuza UTC mapema na kutupa maneno ya awali, baada ya hapo programu ilimwambia ni saa mbili. Hesabu haikukosea popote. Serikali ndiyo iliyobadili saa, na "+3" haina masikio ya kusikia tangazo.

Kilichonitoa jasho zaidi ni usiku. Mtu akisema "boti ya Ijumaa, saa saba usiku", kalenda ya kompyuta inamweka baada tu ya Alhamisi kuisha, wakati yeye anamaanisha usiku unaofuata, Ijumaa ikishachwa. Nilijaribu kukisia nikakosea mara mbili. Mwishowe nikauliza kama tunavyoulizana nyumbani: usiku wa kuamkia siku gani? Karani anajibu bila kuinua kichwa. Mimi niliyeiandika ndiye bado nahesabu kwa vidole.