Nani Kawaambia Sitarudi Leicester?

Shangazi alipiga simu mwezi wa tano, saa tano usiku. Simu ya ukoo ikiita saa hizo, mimi huanza kwa kusoma Inna lillahi kabisa, ndipo napokea. Safari hii kumbe kheri. Binti yake anaolewa Brussels mwezi wa nane, anaolewa na kijana wa Lubumbashi, na mimi kaka yake mkubwa natakiwa niketi mstari wa mbele, nimevaa koti.

Nikamjibu, "Shangazi, nitajaribu."

Hapo nilikosea. "Kujaribu nini? Nimeangalia kwenye ramani ya simu. Kutoka kwako hadi kwangu ni kama Tanga na Pemba. Panda treni uje!"

Na ramani haikumdanganya. Treni ya Leicester, mji ninaoishi hapa Uingereza, inakushusha stesheni ya St Pancras, London. Treni ya Brussels inaondokea stesheni hiyo hiyo, unatembea hatua chache tu, saa mbili hivi baadaye uko Ubelgiji. Kuna Mpolandi tunafanya naye kazi ghalani, yeye huondoka Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi yuko kwenye forklifti anatuhadithia chokoleti. Anasafiri na begi la mgongoni na sura yake, basi.

Mimi sura ninayo, tena si mbaya. Lakini pasipoti yangu ni ya Tanzania, ile yenye ngao ya Uhuru na Umoja. Kibali cha kukaa Uingereza ninacho, kodi nalipa, kadi ya maktaba ninayo, hata pipa la takataka za karatasi nalitoa siku yake. Tatizo ni kwamba Uingereza haikuwahi kuingia kwenye huo mkataba wa Schengen, hata zamani ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo kibali changu, ukishavuka ule mfereji wa bahari kati yetu na Ufaransa, hakifungui hata mlango wa choo. Mdogo wangu yuko Dortmund, pasipoti yake ni ngao ile ile, ila kibali chake ni cha Ujerumani. Yeye anaruhusiwa kutembea nchi za wenzake siku 90 katika kila siku 180 bila kumwomba mtu. Tumezaliwa nyumba moja, tumenyonya ziwa moja, yeye anaendesha gari hadi Brussels huku anakula karanga, mimi natafutiwa cheti cha uaminifu.

Hii Schengen yenyewe, kama hamjui, ni kijiji. Kipo Luxembourg, kando ya mto Moselle, pale Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani zinapokutana. Tarehe 14 Juni 1985 wakubwa wa nchi tano walipanda meli mtoni, wakatia saini humo humo kwamba watafuta ukaguzi wa mipaka baina yao. Leo ni nchi 29. Mimi nimekulia pwani, na nawaambia, mtu akikuchukua katikati ya maji kuzungumza mkataba, jua kuna mtu nchi kavu atakayeulipia.

Haya. Sheria inasema unaomba viza kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Yangu ni Ubelgiji, hapo hapana utata. Lakini huendi ubalozini ukabisha hodi. Unapitia wakala, na wakala ana kalenda. Ile kalenda, jamani! Siku zote zina rangi ya kijivu, kama anga la hapa. Unaifungua asubuhi, kijivu. Mchana, kijivu. Mtu mmoja msikitini akaninong'oneza kwamba nafasi hutoka usiku wa manane, kama chapati za mgahawa wa wasafiri. Nikakesha usiku nne. Mke wangu akaamka saa tisa akanikuta sebuleni nabonyeza simu gizani, akasimama mlangoni, hakusema kitu, akarudi kulala. Asubuhi ilibidi nimwonyeshe kalenda yenyewe ndipo akanitengenezea chai.

Nafasi ikapatikana. Sasa makaratasi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kwao, iwe na kurasa mbili tupu. Ninayo, na kurasa tupu ni nyingi, maana nitakuwa nimekwenda wapi? Bima ya safari ya angalau euro 30,000, inayolipa hospitali na pia kurudishwa nyumbani ukiwa maiti. Yule wa bima kwenye simu akaniuliza, "Nyumbani ni wapi?" Nikakwama. Nikisema Tanga, si nimejichongea mwenyewe kwamba moyo wangu hauko Leicester? Nikisema Leicester, mama yangu akisikia hatanisamehe, maiti nisiwe maiti. Nikamwambia andika Leicester, halafu ndugu watajuana wenyewe.

Kisha kibali changu cha ukaazi. Zamani kilikuwa kadi, unaichomoa kwenye pochi kwa madaha. Hizi kadi wamezizika tarehe 31 Desemba 2024, sasa kibali kinaishi kwenye intaneti, nawe unapewa msimbo wa kumtumia anayetaka kukuona. Kwa hiyo ushahidi kwamba naishi Uingereza ni herufi na tarakimu tisa nilizoziandika nyuma ya risiti ya nyanya.

Lakini kilichonidhalilisha ni taarifa ya benki ya miezi mitatu. Hebu chukua kalamu uzungushie matumizi yako mwenyewe, ujue atakayesoma ni mgeni. Tarehe 28 mshahara unaingia, unapendeza. Tarehe 28 hiyo hiyo kodi ya nyumba. Tarehe 29 nimetuma Tanga, ada. Tarehe 29 tena nimetuma Tanga, paa la bibi. Tarehe 30 mchele kilo 20. Tarehe mosi nimetuma Tanga, sikumbuki ya nini, ila aliyeomba alilia. Tarehe 2 salio ni pauni 41, na tangu hapo hadi 28 nyingine ni chipsi na nauli ya basi. Rafiki akanishauri nikope pesa niziingize zinenepeshe akaunti. Nikamwambia, pesa iliyoingia Jumatatu na kutoka Ijumaa ina harufu, na hawa ndio kazi yao kunusa. Bora waone umaskini wangu wa halali.

Shangazi naye hakusalimika. Mwenyeji anayekudhamini Ubelgiji anajaza fomu ya kukubali kubeba gharama zako, anaipeleka manispaa ya mtaa wake ikahakikiwe. Mama wa watu, miguu inamvimba, alikwenda mara tatu. Mara ya tatu akanipigia: "Nimekulea kwa miaka sita pale Chumbageni, nikakulisha, nikakuvisha, hakuna aliyeniuliza slipu ya mshahara. Leo nakulisha siku tano naambiwa nithibitishe?" Kwa nyuma namsikia mkwewe mtarajiwa anampoza kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi: "Njo vile, mama, njo vile," yaani ndivyo ilivyo.

Yote hayo, wapendwa, ni utangulizi. Jambo lenyewe wanalolitaka, lile lililojificha chini ya kila karatasi, ni moja: uthibitishe kwamba utarudi.

Yaani nithibitishe kwamba nikishafika Brussels, nikaona vyakula, nikaona ndugu, nitaacha vyote kwa hiari yangu nirudi Leicester kubeba maboksi saa kumi na mbili asubuhi. Nikakaa mezani kuandika barua ya maelezo. Nilianza vizuri: nina mke, nina watoto wawili, nina mkataba wa kazi, na barua ya mwajiri ndiyo hiyo. Halafu hofu ikaniingia kwamba haitoshi, nikaanza kuusifia mji. Nikasifia soko. Nikasifia bustani iliyo nyuma ya nyumba yangu, ambayo ni mita tatu za nyasi na baiskeli moja mbovu. Nikaandika kwamba watu wa Leicester hatuhamihami ovyo, kwani hata mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485, alitulia hapa hapa zaidi ya miaka 500, wakaja kumkuta chini ya maegesho ya magari mwaka 2012. Mke wangu alisoma akasema, "Hii ni barua ya viza au unaukosha mji?" Nikaiacha kama ilivyo.

Siku ya miadi nilivaa tai. Binti wa kaunta akapanga karatasi zangu kwa haraka ya mtu anayegawa karata. Halafu alama za vidole. Mimi nimebeba maboksi miaka tisa, vidole vyangu vimepauka kama kisahani cha zamani. Naweka, mashine inakataa. "Bonyeza zaidi." Nabonyeza. "Usibonyeze sana." Nalegeza. Akanipa kitambaa nifute. Dole gumba la kulia ndilo lilishikilia msimamo hadi jaribio la sita. Nikalipa euro 90 za viza kwa pauni zake, na ada ya wakala juu yake, na ujumbe wa simu wa kunijulisha kwamba sijajibiwa, nao unalipiwa.

Majibu kwa kawaida ni siku 15, ila wanaruhusiwa kufika 45 wakitaka kuchimba zaidi. Wiki ya nne nilianza kuota ndoto za Ubelgiji, tena usingizini nilikuwa nanyimwa waffles kwa kukosa fotokopi. Ikaja siku moja ndani ya bahasha: viza, siku sita, kuingia mara moja.

St Pancras ndiko nilikochanganyikiwa. Polisi wa mpaka wa Ufaransa wanakaa pale pale London, ghorofa ya chini ya treni, ndio walionigongea muhuri. Nimesimama Uingereza, nimegongewa muhuri wa kuingia Ufaransa, naelekea Ubelgiji, na nje naliona basi jekundu la London linapita. Afisa aliitazama viza yangu kwa sekunde nne. Mkononi nilikuwa na faili la kilo moja na nusu, kurasa zimepangwa kwa rangi. Nikalisogeza mbele kidogo. Akanisogezea pasipoti. "Pita."

Hata barua ya mwajiri hukuiomba, baba?

Harusi siwezi kuisimulia yote. Tulikula, tukacheza rumba hadi koti likavuliwa, Shangazi akalia, mimi nikalia zaidi yake kwa sababu zangu. Jumapili mdogo wangu akasema tukatembee, akatuendesha hadi Baarle. Mahali hapo pana kichaa cha halali. Ni mji mmoja lakini vipande vyake vingine ni Ubelgiji, vingine Uholanzi, vimechanganywa kama pilau na kachumbari. Mpaka umechorwa kwa misalaba midogo meupe njiani, unapita katikati ya barabara, unaingia dukani, unatokea upande wa pili. Nyumba ikikatwa na mstari, mlango wa mbele ukiwa upande gani ndio nchi yake.

Nikasimama mguu mmoja kwenye B ya Ubelgiji, mguu mmoja kwenye NL ya Uholanzi. Simu ikalia kunikaribisha Uholanzi. Nikarudisha mguu. Hakuna aliyetoka. Bibi mmoja alipita na mkate, akavuka mpaka, akamwamkua mtu, akavuka tena kumfuata mbwa. Nikavuka nami. Nikavuka mara ya pili kinyumenyume. Kufika mara ya saba nikaanza kupiga hesabu ya euro 90 kila mruko, jasho likanitoka, kisha nikakumbuka: "Wee! Viza yangu ni ya kuingia mara moja! Si nimeshatoka?" Mdogo wangu alicheka hadi akashika nguzo ya taa. Yote ile ni Schengen moja, ukiwa ndani uko ndani, unaweza kuruka kamba humo mpaka magharibi. Nikaruka. Watoto wa Kiholanzi wakajiunga.

Nikageuka huku na huku nikitafuta hata mgambo mmoja wa kuniuliza karatasi. Nimekesha kwa ajili ya hizi karatasi! Nilikuwa tayari hata kumlipa.

Na miezi kadhaa baada ya kurudi nikamkuta jirani yangu Mwingereza kwenye uzio, mzee mwema, siku hizi ana malalamiko. Tangu nchi yake ijitoe Umoja wa Ulaya, naye anahesabiwa siku 90 katika 180 akienda kwenye jua lake la Hispania. Tena Oktoba 2025 wakaanza ule mfumo mpya wa mpakani, wanampiga picha na kumchukua alama za vidole. Ananieleza amesimama foleni na magoti yake yale. Nilimsikiliza kwa huruma zote, wallahi, nikamwuliza tu kama mashine ilimwambia abonyeze zaidi.

Lakini nimeruka kituo kimoja, cha Brussels siku ya kurudi. Afisa wa Uingereza naye anakaa huko huko, kabla hujapanda treni. Msichana mdogo, macho yamechoka. Akaangalia pasipoti, akaangalia kompyuta yake.

"Unaelekea wapi?"

"Leicester."

Akainua kichwa. "Leicester? Kwa nini?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, mtoto analia, na treni inatangazwa. Nikaweka faili kwenye kaunta, nikalamba kidole, nikaanza kumtafutia ukurasa wa mfalme Richard.