Mishikaki ya Karani Mstaafu

Jirani yangu, karani mstaafu, hagombani kwa mdomo. Akikasirika anaandika barua ya Kiingereza, anaipiga chapa, anamtuma mjukuu aipeleke. Tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, lakini mzee anaamini Kiswahili hakimtetemeshi mtu.

Safari hii barua ilimwendea Baba Zai, muuza mishikaki wa hapa kwetu Temeke. Moshi wa jiko lake ulikuwa unaingia uani kwa mzee. Mke wa mzee akaanua kanzu nyeupe, akakuta imekuwa ya kijivu, akamlaumu mumewe. Mume akamlaumu mwenye nyumba. Mwenye nyumba akakumbuka kwamba anadai kodi. Ndipo mzee akaandika kwamba Baba Zai amemfanya yeye na mkewe wawe embroiled.

Mimi nilikuwa kwenye benchi nasubiri mishikaki yangu. Baba Zai mikono ina mafuta, akampa barua mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, amsomee. Kijana akateleza vizuri mpaka kwenye lile neno, akakwama. Akatoa kamusi ndogo isiyo na jalada. Embroil haikuwemo, kurasa za E zilishafungia karanga zamani. Broil ilikuwemo. Uso ukambadilika.

"Mjomba, anasema umemchoma."

"Nimemchoma nani?"

"Yeye na mkewe. Juu ya makaa."

Benchi zima likaacha kutafuna. Bodaboda aliyekaa pembeni yangu alichomoa mshikaki mdomoni, akauinua kwenye taa, akaukagua kipande kimoja kimoja.

"Kwani huyo mzee," akauliza taratibu, "mara ya mwisho kaonekana lini?"

Mimi mtu akisoma vibaya mbele yangu nawashwa. Nikawaeleza kwamba Kiingereza kina broil mbili, zote asili yake Kifaransa: moja ya kuchoma nyama, nyingine ya vurugu na ugomvi, na hiyo ya pili ndiyo ndugu yake embroil. Mzee hajachomwa na mtu. Anasema tu kaponzwa, katiwa kwenye ugomvi usiomhusu.

Nilitegemea ahsante. Baba Zai aliweka kipepeo chini.

"Barua hujaishika, umeielewa hivyo?"

"Mjomba," mpwa akasema, "huyu ndiye aliyeiandika."

Kesho yake tukawa ofisi ya serikali ya mtaa, mimi nikiwa nimeitwa kama shahidi. Mzee alikuja na barua ya pili, na ndani yake mimi nilikuwa implicated, kwa kuwa nilikutwa nakula mbele ya jiko lenyewe la mgogoro. Mwenyekiti akauliza hiyo ndiyo nini.

"Amekunjwa," mpwa akawahi.

Nikanyamaza. Kwanza neno hilo, ingawa leo maana yake ni kuhusishwa na kosa, asili yake ni Kilatini na huko maana yake kweli ni kukunjia ndani. Pili, faida ya kusahihisha watu nilishaiona. Mwenyekiti alinitazama juu mpaka chini, nadhani akitafuta mkunjo, kisha akakata "shahidi" kwa rula na kuandika "mlalamikiwa wa pili".

Usuluhishi wenyewe haukuchukua muda. Jiko lihame. Lihamie wapi? Hapo mlalamikaji na mlalamikiwa wa kwanza, ambao asubuhi hawakuamkiana, walikubaliana kwa kasi ya ajabu: ng'ambo ya uchochoro, chini ya dirisha la mlalamikiwa wa pili. Wakapeana mikono. Mzee akaagiza mishikaki ya jioni hapohapo, na pilipili ya ziada.

Sasa mashuka yetu yananukia kitunguu saumu na ndimu, na mke wangu anauliza mimi ni mwanamume wa namna gani. Juzi mzee kanifuata mlangoni, kanipa pole ya moshi kwa huruma kabisa, kisha kanong'ona: nikitaka kumwandikia Baba Zai barua ya Kiingereza, atanifanyia bei ya jirani.