Kifungo cha miaka 30 au madaftari?

Kila inaposambaa habari ya binti aliyeozeshwa, swali la kwanza la wengi ni hili: baba yake ameshakamatwa? Anayejibu kwamba tuanze na shule huonekana anawabembeleza wahalifu. Nadhani mtu huyo hasikilizwi vizuri.

Upande wa sheria una hoja, tena nzito. Mwalimu anayekwenda kusimamisha harusi anahitaji kifungu cha kushika mkononi, la sivyo ataambiwa mtoto si wake. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakiuka Katiba. Viliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019.

Lakini mwaka huohuo wa 2016 marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Binti wa miaka 16 aliye kidato cha pili akapata ukuta mrefu. Jirani yake wa umri uleule, aliyeishia la saba, hakuupata. Sheria yenyewe ilikiri kwamba kinga ya binti ni sare ya shule. Ndiyo maana tunasikia habari za wazazi wanaowaambia mabinti wafeli makusudi mtihani wa darasa la saba. Mzazi huyo tunamwita mjinga, kumbe sheria ameielewa vizuri kuliko sisi.

Halafu nani atatoa ushahidi? Mama, shangazi, wajomba waliogawana mahari. Binti akisema, anamfunga baba kisha anarudi kulala katika nyumba ileile.

Kuna mradi mmoja ambao huwa naurudia kichwani. Kati ya 2004 na 2006, katika kijiji cha Mosebo, jimbo la Amhara nchini Ethiopia, mradi wa Berhane Hewan uliwapa wasichana walioko shuleni madaftari na kalamu, ukawakusanya walio nje ya shule katika vikundi vyenye walezi wa kike, na kuwakalisha wanakijiji kuzungumza kila baada ya wiki mbili. Familia iliyomtunza binti bila kumwoza hadi mwisho wa mradi iliahidiwa mnyama wa kufuga. Mradi wenyewe haukumtishia mtu jela. Matokeo ya utafiti wa mradi huo: wa miaka 10 hadi 14 walikuwa na uwezekano wa kuolewa mara kumi pungufu kuliko wenzao wa eneo la kulinganishia, lisilo na mradi. Thamani ya mnyama huyo ilikuwa kama dola 20. Yaani kile tunachokiita mila isiyobadilika kilitikiswa na madaftari na mfugo mmoja. Bila shaka sehemu kubwa ya mila hiyo ilikuwa gharama ambayo hakuna aliyejitolea kuigawana na mzazi.

Wapinzani wangu watanikumbusha takwimu ya pili ya utafiti uleule, na wana haki: wa miaka 15 hadi 19 katika eneo la mradi waliolewa zaidi kuliko wenzao. Nimeisumbukia sana. Naisoma hivi: wazazi walikubali kusubiri, ila hawakuahidi kusubiri milele, na baada ya msingi hapakuwa na kitu kingine cha kusubiria. Kama sekondari iko mbali na haina bweni, binti aliyemaliza anabaki nyumbani akitazamwa. Hiyo ni hoja ya kurefusha shule, si ya kuiacha.

Zomba, Malawi, inanipa shida zaidi. Huko mwaka 2008 na 2009 familia za wasichana zilipewa fedha kila mwezi, nyingine kwa sharti la mahudhurio, nyingine bila sharti. Sharti liliwabakiza wengi zaidi darasani, lakini ndoa zilipungua kwa waliopewa bila sharti, hasa miongoni mwa walioacha shule. Malipo yaliposimama, nafuu hiyo ikayeyuka. Kwa hao waliokwisha kuvua sare, sisi wa upande wa shule hatuna cha kuwapa kwa haraka, na kwao sheria ya umri wa miaka 18 isiyo na mwanya wa ridhaa ya mzazi wala wa kibali cha mahakama ndiyo kinga pekee iliyobaki.