Msisahau upande wa Kitengela

Asante mwandishi kwa historia ya kituo cha wanyama yatima kwenye lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kilichoanzishwa miaka ya 1960. Ila umeruka jambo zito. Mbuga yenyewe, iliyotengwa 1946, imezungushiwa ua pande tatu. Kusini pekee ndiko wazi, na huko Kitengela viwanja vinauzwa, seng'enge zinazidi. Nyumbu wanaotoka na kuingia mbugani watapitia wapi? Pale kituoni nimemwona duma akienda na kurudi kando ya waya hadi nyasi zikaisha, ikabaki njia ya vumbi tupu, watoto wa shule wakimshangilia. Inauma sana! Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela wasizungushe ua. Serikali itie pesa za kutosha hapo.