Jina Jipya, Kopo Lile Lile

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, hata mswaki sijapiga, simu ikatoa mlio. Nikakurupuka nikidhani kuna mtu kanitumia hela kwa makosa. Kumbe ni ile kampuni ya ng'ambo inayonitunzia picha zangu huko wanakokuita mawinguni. Ujumbe unasema: "Habari njema! Tuna jina jipya na mwonekano mpya. Huhitaji kufanya chochote."

Ndugu zangu, mtu akikuambia huhitaji kufanya chochote, shika mfuko wako. Hata mchoma sindano anakuambia wewe tulia tu.

Nikaanza kuitafuta alama yao kwenye simu. Nimezoea iko kona ya chini, ina rangi zake. Haipo. Nimepekua simu nzima, nimefungua kikokotoo mara mbili nikidhani ndiyo yenyewe, mwisho nikaikuta pale pale kona ya chini ilipokuwa siku zote, imevaa nguo nyingine. Mke wangu akaniona nimeinamia simu, uso umenishuka.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wamebadilisha jina."

"Kina nani?"

"Wale wa mawinguni."

Akachukua ndoo yake akaenda bombani.

Siku tisa baadaye habari njema ikakamilika: "Nafasi yako imejaa. Chagua kifurushi." Vifurushi vitatu vimepangwa kama madumu ya mawese, kidogo, cha kati na kikubwa, na kile cha kati kimebandikwa nyota: "Wengi huchagua hiki." Wengi wa wapi? Hapa Mwanga, Kigoma, mimi nawajua watu, na hakuna hata mmoja aliyekichagua. Kile kidogo ni dola 2 kasoro senti 1 kwa mwezi. Hiyo senti waliyonirudishia sijui walitaka nikainunulie nini. Halafu chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: ukilipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, unapunguziwa.

Hapo nikafanya kosa la kumsomea mke wangu kwa sauti.

Sasa dola kwa mtu wa Kigoma ni hadithi nyingine. Mwaka 2021 nilipojiunga, dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ikapita 2,600. Ikashuka kidogo, ikapanda tena. Wao wanaapa bei yao haijaongezeka hata senti, na ni kweli, haijaongezeka. Shilingi yangu ndiyo inayoteremka mwendo wa treni, na reli inaishia wapi mnajua. Ongeza makato ya kuhamisha hela kwenda kwenye ile kadi ya kwenye simu, maana muuza mawingu hapokei noti mkononi, unajikuta umeitoa elfu tano na ushee. Kila mwezi. Kwa ajili ya kutunziwa picha ya mgebuka niliokula mwaka juzi.

Mimi sina ugomvi na majina. Nimeishi na majina. Laini yangu hii imeanza ikiitwa Celtel, mwaka 2008 ikawa Zain, 2010 ikawa Airtel, namba ni ile ile na wanaonidai wananipata vile vile. Mama mkwe wangu laini yake imepita Buzz, ikapita Tigo, na tangu mwishoni mwa 2024 ni Yas. Yeye bado anaagiza vocha ya Buzz. Mwenye duka anampa, wala haulizi.

Na sisi watu wa ziwa hili la Tanganyika mnataka kutufundisha nini kuhusu kubadili jina? Meli ile ya Liemba Wajerumani waliileta vipande vipande ndani ya masanduku, wakaiunga hapa hapa Kigoma, wakaishusha majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 vita ikawaelemea, wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa 1924, wakaitengeneza, 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. Hilo ndilo jina jipya lenye adabu! Ukitaka kunibadilishia jina la kitu, kwanza kizamishe, kikae miaka na miaka chini ya maji, ukiopoe, ukikwangue kutu. Hapo na mimi nitakupigia makofi. Siyo umelala na jina moja, umeamka na lingine, halafu unanitumia bili.

Nikampigia mpwa wangu, yuko Dodoma anasoma mambo ya kompyuta. Nilitaka anifariji. Akacheka.

"Mjomba, hii kawaida yao. Microsoft walikuwa na ghala lao la mawinguni, SkyDrive. Uingereza kuna kampuni ya televisheni inaitwa Sky, yaani anga, wakaenda mahakamani, mwaka 2013 hakimu akasema jina linaingiliana. Mwaka 2014 ikawa OneDrive."

Yaani Uingereza anga lina mwenyewe. Hapa tunagombania mpaka wa shamba la michikichi, wenzetu wanapelekana kortini kwa ajili ya anga.

"Na Apple je?"

"Hao ndio walimu, mjomba. Mwaka 2000 walianza na iTools, bure. Mwaka 2002 wakaiita .Mac, ikawa dola 99 na senti 95 kwa mwaka. Mwaka 2008 ikawa MobileMe. Mwaka 2011 ikawa iCloud, nafasi ya GB 5 bure, na mpaka leo ni hizo hizo 5."

Nikamwambia rudia hapo kwenye 2000 na 2002. Akarudia. Ikaja na jina jipya, na bei mkononi. Basi siko peke yangu, kuna Wamarekani waliokwishalia kilio hiki wakati mimi nina simu ya tochi.

Akanisimulia na la OneDrive tena. Mwaka 2014 waliowalipia programu zao za ofisi waliahidiwa nafasi isiyo na kikomo. Haukupita mwaka na nusu, mwezi wa kumi na moja 2015, wakaifuta ahadi, kwa sababu kuna watu wachache walijaza mpaka kuvuka terabaiti 75, yaani GB elfu 75, mara 14,000 ya mtu wa kawaida. Na wale wa bure nao, ambao hawakuhusika, wakashushwa kutoka GB 15 hadi 5. Watu wakapiga kelele, kampuni ikalegeza: anayetaka kubaki na zake 15 aje ajiandikishe kabla ya siku fulani. Ambaye siku hiyo alikuwa shambani, pole yake.

Hii mimi naielewa kabisa. Ni pilau ya harusi. Mmetangaziwa kila mtu ajipakulie anavyotaka, jamaa mmoja kaja na ndoo yenye mfuniko. Kamati inakasirika, na adhabu inakwenda kwa watoto waliokuwa bado kwenye foleni.

Jioni hiyo mama mkwe alikuwa kwetu. Yeye mkekani, mimi kwenye kigoda mlangoni, umbali wa heshima. Amefanya biashara ya dagaa Kibirizi tangu mke wangu hajazaliwa. Akaniuliza kwa nini nimenuna, nikamweleza polepole: kuna watu mbali wananiwekea picha, walianza bure, sasa wamebadili jina na wanataka hela.

Akafikiri. Akavuta kopo tupu la kupimia lililokuwa pembeni, akaligeuza, akagonga kitako kwa kidole, ko ko ko, kisha akatumbukiza ngumi ndani mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Baba, dagaa wakipanda bei, mwenye kopo ana njia mbili. Aseme bei imepanda, mgombane, yaishe. Au aache bei pale pale, usiku apige kitako cha kopo kwa nyundo kiingie ndani. Asubuhi analipaka rangi usione kovu. Mimi kopo likipakwa rangi mpya, kwanza naingiza mkono."

"Ndiyo, mama."

"Sasa hilo kopo lako la mawinguni, umewahi kuingiza mkono?"

Sijawahi. Nani amewahi? Ndiyo maana biashara hii inanishinda. Ukitaka kubishana na muuza dagaa unaye pale, jua linawapiga wote wawili, kopo liko katikati yenu. Huyu wa mawinguni ukitaka kubishana naye unaletewa kisanduku kinachokuuliza: "Je, jibu hili limekusaidia?"

Msinione mtu wa kulalamika tu, nilitafuta njia. Nilipeleka shauri kijiweni Ujiji, kwenye kahawa. Mzee mmoja akasema jina jipya ni zuri, linatamkika. Mwingine akasema lipa, elfu tano siku hizi ni hela gani, na kahawa yake niliilipia mimi. Kijana mmoja akatamba kwamba yeye hajawahi kulipa wala hatalipa, ana akaunti nne, zote za bure, moja ikijaa anahamia nyingine. Tukamwomba atuonyeshe picha za harusi yake. Ziko akaunti ya pili. Pasiwedi ya akaunti ya pili? Akanyamaza, akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Fundi simu yeye akaniuzia kadi ya kumbukumbu. GB 64, imeandikwa kwa nje kabisa. Kuichomeka kwenye kompyuta ya steshenari, inasoma 59 na kitu. Nikarudi nimevimba. Fundi akasema siyo feki, ndivyo zilivyo zote: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, ukikutanisha hesabu hizo mbili GB 4 na ushee zinayeyuka njiani. Ukinunua diski ya terabaiti moja kompyuta inakuonyesha GB 931. Yaani kitako kimeingizwa ndani kiwandani, kwa hesabu, na hakuna wa kushitaki! Huku kwetu mtu akifunga lumbesa watu wa vipimo wanamfuata mpaka shambani.

Ikabaki njia moja, kufuta.

Usiku huo tukaingia kwenye chandarua, mimi na mke wangu na simu. Nikaanza na picha za maua zenye "Asubuhi njema, Mungu akutangulie", za kundi la familia. Zilikuwa 212, na nyingi zimetumwa na shemeji mmoja ambaye akikuona barabarani hakusalimii. Zikaenda. Picha za risiti za umeme wa Luku, zikaenda. Picha kumi na nne za goti langu, nilizipiga bila kujua. Nikataka kufuta video ya harusi ambayo yote ni mgongo wa mpiga tarumbeta, mke wangu akasema hiyo usifute, kitambaa cha dada kinaonekana pembeni.

Nafasi ikasogea kidogo sana. Nikapanga kwa ukubwa, kikubwa kije juu.

Juu kabisa ikaja video moja ya dakika 47. Nikaifungua: giza. Nyeusi tii, mwanzo mpaka mwisho. Peke yake inakula karibu GB 6. Nikacheka kwa furaha. Ilikuwa ni siku ile ya 2021 niliyonunua simu hii, nikapanda bodaboda kutoka Mwanga kwenda Ujiji, simu mfukoni inarekodi yenyewe mimi sina habari. Miaka yote hii kampuni ya ng'ambo inanitunzia mfuko wa suruali! Nikainua kidole nifute, bili iishe, nilale.

"Subiri," mke wangu akasema. "Ina sauti."

"Ni pikipiki tu."

"Iache."

Pikipiki ikanguruma. Upepo. Honi ya daladala. Halafu sauti yangu, safi kama redio:

"Dogo, simu si ndiyo hii. Laki tatu na nusu nimeitoa, hawakupunguza hata mia. Ila nyumbani nitasema laki na themanini."

Dereva anacheka. "Mzee, na wakiuliza iliyobaki?"

"Nitasema mchango wa harusi umepanda."

Mbu mmoja alikuwa ndani ya chandarua. Nilimsikia vizuri sana.

"Rudisha nyuma," mke wangu akasema.

Nikarudisha.

"Laki na themanini," akasema.

"Mama watoto, kwanza tuelewane, hii tukiifuta tu nafasi inapatikana na hatulipi hata..."

"Tangu 2021 wameitunza?"

"Wameitunza."

"Halijapotea hata neno moja."

"Halijapotea."

Akajifunika shuka mpaka begani, akanigeuzia mgongo.

"Lipia. Ya mwaka. Si ulisema ya mwaka wanapunguza?"

Saa tano kasoro kumi usiku simu ikatoa mlio. Wameniandikia kwa jina langu kamili, wanashukuru kwa kuwachagua.